Magunia Matatu ya Nyuma

Wambui wangu,

Umeenda Section 58, kule Nakuru, kumuaga mama yako mdogo, na namjua dada yangu, hatakuachilia urudi kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina muda wa kuandika. Kesho kukipambazuka unahamia Mau Narok, na mimi si mtu wa kuyasema mambo haya uso kwa uso. Nimejaribu. Tangu Jumamosi nimejaribu mara nne, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umebeba blanketi.

Basi habari za blanketi tuziache. Baridi ya Mau Narok itakufunza yenyewe. Wala sitakuambia ule nini, usali wapi, au ujihadhari na nani. Una miaka ishirini na minne, umesomea kilimo, una pikapu uliyoipata kwa jasho lako na shamba la kukodi la kupanda viazi vya mbegu. Hayo yote uliyapanga bila mimi, na umeyapanga vizuri.

Ninachotaka kukuambia ni habari za trela.

Jumamosi uliponichukua ili tulijaribu barabarani, likiwa tupu, kutoka hapa Kabazi mpaka Subukia na kurudi, uliniona nimeshika mlango kwa mikono miwili. Ulicheka. "Mathe, tulia," ulisema. "Mimi si baba."

Hukusema kwa ubaya. Neno hilo umelipata kwangu. Ulipopanda baiskeli mara ya kwanza nilikupigia kelele: polepole, usiwe kama baba yako. Ulipoenda kujifunza gari nilikuambia tena. Umekua ukijua kwamba baba yako Mwangi alikuwa mtu wa haraka. Kwamba alijaza viazi kwenye trela kupita kiasi, akateremka nalo kwa kasi kutoka Mau Narok, akafa, na nusura aniue na mimi.

Si kweli, Wambui. Siku ile baba yako hakuwa kwenye usukani. Aliyekuwa anaendesha ni mimi.

Nimeandika hayo nikasimama, nikazunguka meza, nikarudi. Maneno bado yapo. Sasa na wewe tafuta mahali ukae, weka funguo za gari mbali, usome yaliyobaki.

Nianze na yeye mwenyewe, kwa sababu ndiye niliyekunyang'anya.

Baba yako alikuwa mtu wa polepole mpaka anaudhi. Pale soko la Nakuru wanawake wa viazi walimwita Kobe. Tukitoka hapa saa kumi na moja alfajiri, wenzetu walitupita wote kabla ya kufika Bahati, naye hakujali. Trela lake lilikuwa la magurudumu mawili, la chuma kizito, alilolipata kwenye shamba moja la zamani la wazungu lilipokuwa linauza vyombo vyake. Alilipenda kama mtu anavyompenda ng'ombe. Kabla ya kuondoka alilizunguka kwa mguu mara mbili, akigusa kila kitu kwa mkono. Hakuamini macho. Aligusa nati za magurudumu, akagusa kile kikombe cha chuma kinachoshika tufe la chuma nyuma ya pikapu, akakitikisa. Halafu alipitisha minyororo miwili chini ya ulimi wa trela, ule mkono wa mbele unaoliunganisha na pikapu, akaipishanisha kama mtu anayekunja mikono kifuani. Nilimuuliza siku moja kwa nini anaipishanisha wakati wengine wanaifunga tu wima.

"Ndio hii ulimi ikichomoka isianguke chini," aliniambia. "Italala juu ya minyororo kama mtoto kwenye mbeleko. Ikianguka chini itachimba lami, na hapo umeisha."

Kila tuliposimama njiani alishuka na kuweka kiganja karibu na kila gurudumu, kuhisi kama limepata joto. Na kwenye mteremko, awe na mzigo au asiwe nao, alirudisha gia kabla hatujaanza kushuka. Hakungoja tuwe katikati. "Gia ya kupanda ndiyo ya kushuka," alikuwa anasema. Wenzake waliokuwa wanaweka fri, gari liteleze bila gia, ili wasichome mafuta aliwaonea huruma tu, hakubishana nao.

Huyo ndiye baba yako. Sasa nikueleze siku yenyewe.

Ulikuwa na miaka mitatu. Tulikuacha kwa Cucu, mama yake Mwangi, ambaye umepewa jina lake, tukaenda Mau Narok kununua viazi vya soko la kesho yake. Mwangi alikuwa na homa ya matumbo tangu juzi yake. Nilimwambia tusiende, lakini nilimwambia kwa ile sauti ya mtu anayetaka abishiwe. Alinibishia. Tukaenda.

Tulipofika, yeye mwenyewe alisimamia wapakiaji. Aliwapangia magunia kama anavyopanga siku zote: mazito mbele na juu ya ekseli ya magurudumu, mepesi nyuma, na nafasi kubwa ikaachwa wazi mkiani. Halafu aliinua ulimi wa trela kwa mikono yake miwili. Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yake. Ukiinuka kwa taabu, mzigo umekaa vizuri. Ukiinuka kirahisi, uzito uko nyuma, pakua upange upya. Uliinuka kwa taabu. Akasema, "Imetosha," akaenda kando ya ua kutapika, kisha akakaa kwenye pikapu, ameegemeza kichwa kwenye kioo.

Mwenye shamba alikuja akaniambia amebakisha magunia matatu ya lumbesa, yale yaliyojazwa mpaka yana kofia ya nyavu juu. Mnunuzi wake hakutokea. Nikiyachukua yote atanifanyia bei nzuri. Nikaangalia ile nafasi iliyobaki mkiani mwa trela. Wambui, ilikuwa kama iliachwa makusudi kwa ajili ya magunia yale. Nikawaambia wapakiaji wayatie pale.

Mwangi aliona kwenye kioo cha pembeni. Alifungua mlango, hakuweza kushuka.

"Njeri, hizo za nyuma hapana."

"Ni tatu tu."

"Sio wingi. Ni mahali zimekaa."

"Mwangi, ni tatu tu, na Njoro si mbali."

Alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Basi tulale hapa. Asubuhi nikipata nguvu nitapanga upya."

Nilijua tukilala wenzetu watafika sokoni kabla yetu, na yule mama tuliyemuahidi viazi atachukua vya mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka kuwa mke wa Kobe. Naandika kama ilivyokuwa, sitaipamba. Nilikuwa nimechoka kufika wa mwisho. Nikamwambia yeye apumzike, nitaendesha mimi.

Leseni sikuwa nayo. Nilikuwa na karatasi ya mwanafunzi, na nilikuwa nimeendesha pikapu hapa Kabazi kwenye barabara za udongo, kwenda kisagio na kurudi. Trela sikuwa nimewahi kuvuta hata hatua moja. Mwangi aliyajua hayo yote. Laiti angekuwa na nguvu angeninyang'anya funguo. Alisogea upande wa kushoto, akafunga macho.

Mwanzoni hakukuwa na shida yoyote, na hilo ndilo nataka ulikumbuke kuliko mengine. Pikapu ilivuta. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Nilipita vikundi vya wanawake wanaotoka mashambani, nikapiga honi kama dereva. Nilijiambia: kumbe ni hivi tu? Ila usukani ulikuwa mwepesi. Mwepesi wa ajabu, kama kushika sufuria uliyodhani ina maji kumbe ni tupu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa hayakanyagi barabara vizuri, gari likigeuka kwa mguso tu, kwa sababu ule uzito wa nyuma ulikuwa unainua mkia wa pikapu na kuuning'iniza. Mimi sikulijua hilo. Nilifurahia. Nilidhani ndio ufundi.

Mwangi aliongea bila kufungua macho. "Pikapu inacheza?"

"Hapana."

"Usukani uko aje?"

"Mwepesi."

Hapo alifungua macho. "Simama, Njeri. Simama kando tutoe hizo tatu."

"Nitasimama Njoro."

"Simama sasa."

Nikasema nitasimama mahali pazuri. Nilikuwa natafuta mahali pazuri, Wambui. Mahali pote palikuwa pazuri. Kulikuwa na nyasi kando ya barabara mwendo mzima.

Mahali palipotupata utapapita kesho, na kila utakapokuwa unateremsha viazi utapapita. Hakuna alama yoyote. Ni pale ambapo, ukishuka, unaacha mikaratusi upande wa kulia, shamba la ngano likifunguka upande wa kushoto, na bonde linajitokeza mbele yako ghafla, na ziwa likionekana mbali kabisa, jeupe. Watu hupenda kupatazama hapo. Barabara inaonekana tambarare. Si tambarare. Inashuka polepole sana, muda mrefu, na gari linaongeza mwendo bila wewe kukanyaga chochote. Nilikuwa gia ya nne. Mwangi angeingia hapo na ya pili, na watu wangempigia honi nyuma.

Kwanza niliona kama nimevutwa nguo kwa nyuma. Kidogo tu, mara moja. Nikatazama kioo cha kulia, nikaliona trela limejitokeza pembeni kana kwamba linataka kunipita. Likarudi. Likajitokeza kushoto. Likarudi kulia zaidi kuliko mara ya kwanza. Pikapu nayo ikaanza kuyumba, na mimi nikawa nakata usukani kuifuata, na kila nilipokata nililiongezea trela nguvu.

Baba yako hakupiga kelele. Sauti yake ninaisikia hata sasa ninapoandika. Alisema, "Njeri, toa mguu. Shika usukani wima. Usikanyage breki."

Nikakanyaga breki. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili.

Ukikanyaga breki, gari linasikia. Trela lisilo na breki zake halisikii chochote, linakuja tu. Lilikuja na viazi vyote vile, likatusukuma kiubavu, likazunguka kama mlango unaofungwa na upepo. Pikapu ilitoka barabarani upande wa kushoto, ikalala kwa upande wake kwenye mtaro. Upande wa Mwangi. Mlango wake ulikuwa umefunguka kabla haijalala, ukamtupa nje.

Mimi nilitoka kupitia dirisha la juu. Nilikuwa na mkwaruzo kwenye kiwiko. Ule ninaokuambiaga ni wa kuanguka na kuni.

Nilimkuta kwenye ngano. Alikuwa anapumua. Viazi vilikuwa vinaendelea kubingirika barabarani, vinateremka vyenyewe kuelekea Njoro, na mpaka leo sijawahi kuona kitu cha kutisha kama viazi vile. Watu wakaja kutoka mashambani. Mwanaume mmoja, jembe bado liko begani, akainama, akamwangalia Mwangi, akaniangalia mimi.

"Mama, ni huyu alikuwa anaendesha?"

Nikasema, "Ni yeye."

Hayo ndiyo maneno niliyosema. Hakuna aliyenilazimisha wala aliyenifundisha. Nilifikiria karatasi yangu ya mwanafunzi, nikafikiria jela, nikakufikiria wewe kwa Cucu na gauni lako la njano. Ninasema nilikufikiria wewe, na ni kweli, lakini nilijifikiria mimi kwanza. Na alikuwa bado anapumua, Wambui. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu nilipokuwa nasema. Sijui kama alinisikia. Alifariki kabla hatujafika Njoro.

Uongo wa siku moja nilidhani nitaurekebisha baada ya mazishi. Kisha kwenye mazishi mhubiri alisimama mbele ya vijana wote wa Kabazi, akalitumia jina la baba yako kuwaonya juu ya haraka ya barabarani. Wale waliomwita Kobe walishangaa, niliwaona wakitazamana. Lakini marehemu hajitetei, na mjane analia pale mbele, nani atamuuliza? Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikasikiliza mpaka mwisho. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi. Nikaanza kusema mwenyewe. Nikakuambia wewe. Wakati mwingine, Mungu anisamehe, niliamini.

Nilijiambia pia kwamba ilikuwa breki mbovu, au barabara iliyolowa. Miaka mingi nilijificha hapo. Hadi siku moja nilipokuwa Nakuru kwa fundi wa kuchomelea, nimepeleka geti letu, nikamkuta anatengeneza trela la mtu. Nikamsimulia kama habari ya jirani. Alichukua mkokoteni mdogo aliokuwa nao pale karakana, akaweka mawe mbele, akausukuma kwa mguu kwenye sakafu. Ukaenda sawasawa. Akayahamisha mawe yaleyale nyuma, akausukuma tena. Ulikwenda hatua mbili, ukaanza kutikisa mkia, ukapinduka.

"Huyo jirani yako aliweka uzito nyuma, mama," alisema. "Hiyo si ajali. Hiyo ilipakiwa."

Nilimlipa nikaenda bila geti.

Ndiyo sababu sijashika usukani tena. Wewe ulidhani ni majonzi.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapoogopa. Nilikuona jana unapakia. Ile mashine ya kuchambulia viazi, ile ya chuma inayohitaji watu wanne kuibeba, umeiweka mkiani kabisa, kwa sababu ndiyo utakayoshusha kwanza. Ni akili ya kawaida. Nami niliwaza hivyo hivyo. Ulipotenganisha pikapu ukaisogeza mbele, trela lilikalia mkia, ulimi ukainuka juu, na ukacheka ukasema linasalimia watu. Nilikuwa nimesimama jikoni. Sufuria iliniponyoka.

Sijaigusa mashine hiyo. Ningeweza kuwaita majirani leo waihamishe, ukaondoka bila kujua. Lakini basi ungepakia vilevile mara ya pili, ukiwa huko peke yako, na mtu wa kuona hayupo. Nataka uihamishe wewe, ukijua kwa nini. Iweke mbele, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Halafu inua ulimi kwa mikono yako. Ukikupa taabu, mwambie baba yako asante, kwa sababu hilo ni lake. Ya minyororo ni yake, ya kiganja kwenye gurudumu ni yake, ya gia ni yake. Kila kitu cha maana ninachokijua juu ya kazi hii alinipa mtu ambaye nilikufundisha umuogope.

Trela lako pia halina breki zake. Fundi alikuambia kwa mzigo huu si lazima, na kesho utakuwa unapanda, pengine ni kweli. Lakini mavuno hayatapanda. Mavuno yatashuka, na utakuwa umechoka, na mnunuzi atakuwa anapiga simu, na mtu atakuja na magunia machache ya ziada akisema ni machache tu. Nakuomba usiteremke na viazi kabla hujaliwekea breki. Na likianza kutikisa mkia, toa mguu, shika usukani wima, lingoje lichoke lenyewe. Mwili wako wote utataka kukanyaga. Najua utakavyotaka. Usikanyage.

Na mtu aliye kando yako akikuambia simama, simama. Hata kama ni mgonjwa, na hata kama mahali si pazuri.

Kuna jambo la mwisho. Leo asubuhi, ulipokuwa umeenda kuweka upepo kwenye matairi, nilivuka mto nikaenda kwa Cucu. Nilimkuta anaanika mahindi kwenye turubai. Nilimsalimu nikabaki nimesimama.

"Kaa, nyina wa Wambui," alisema. "Mbona unasimama kama mgeni?"

"Mama, nimekuja kusema jambo, na nikikaa sitalisema."

Nikalisema. Mkono wake uliacha kutandaza mahindi.

"Sema tena," aliniambia.

Nikasema tena, na ile ya magunia matatu, na ile ya mtu mwenye jembe. Kuku walikuja wakaanza kula mahindi, hakuwafukuza.

"Miaka ishirini na mmoja," alisema, "kila asubuhi namwombea Mwangi. Namwambia Mungu asimhesabie ile haraka yake. Nimemwombea msamaha mtoto ambaye hakukosa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulikuwa unapiga magoti hapo kando yangu."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unaomba nini?"

Aliningoja. Mama yule ana miaka themanini na kitu, na alinitazama mpaka nikaangalia chini.

"Mtoto anajua?" aliuliza.

"Bado."

"Ndiye anaenda barabara ile ile na trela, na hajui?"

"Nitamwambia leo."

"Mwambie kabla hajashika funguo," alisema. "Halafu usirudi hapa mpaka nikuite." Akaingia ndani akafunga mlango, mahindi yako nje, na mawingu yalikuwa yameanza. Niliyakusanya nikayafunika, nikarudi nyumbani. Hajaniita. Simu nimeiweka hapa mezani na hajaniita.

Sijui kama ataniita siku nyingine. Sijui na wewe utaniita nani kuanzia kesho. Sikuandika ili unihurumie, na ukisoma ukanichukia sitashangaa. Naomba jambo moja tu, na ni la barabara: ukiwa na hasira, usiondoke. Kaa siku mbili, kaa wiki, kalale kwa dada yangu. Viazi vya mbegu vitasubiri. Nimeona mtu akiendesha huku ameudhika, mtu huyo nilikuwa mimi, na njia nzima ilikuwa na mahali pa kusimama.

Barua hii nitaiweka juu ya kitanda chako. Sitakuja kugonga mlango. Nitakuwa jikoni, na ukitaka kuja kunipigia kelele, njoo, sitajitetea. Ukitaka kwenda bila kuniaga, nenda. Lakini pitia kwa Cucu, mkae naye, mwambie akusimulie Mwangi alikuwaje akiwa mdogo. Yeye alimjua kabla yangu, na hajawahi kumsemea uongo.

Na ukifika Mau Narok salama, usinipigie mimi. Mpigie yeye kwanza. Akitaka, ataniambia.

Mama yako,
Njeri